OHINGA SI GOFU: ISTILAHI NA ADABU YA ZIARA KATIKA THIMLICH OHINGA, MIGORI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi lugha ya Kiswahili inavyolitaja eneo la kale la Thimlich Ohinga, lililoko katika Kaunti ya Migori, na jinsi majina hayo yanavyoathiri mwenendo wa wageni wanaolizuru. Hoja kuu ni kwamba maneno tuliyoyazoea, hususan gofu na ngome, yanaificha sehemu ya ukweli wa mahali hapa: kwamba palikuwa makazi ya watu, kwamba kuta zake zilidumu kwa kutunzwa na vizazi vya jamii mbalimbali, na kwamba panastahili adabu ile anayopewa mwenye nyumba. Makala yanapendekeza neno ohinga lipokelewe katika Kiswahili kama lilivyopokelewa neno kaya, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili washiriki katika kukusanya msamiati wa uashi na wa makazi kabla haujapotea.

1.0 Utangulizi

Vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vina desturi njema ya kufanya safari za mafunzo. Aghalabu safari hizo huelekea pwani: Mombasa, Lamu, Gedi, Bagamoyo, Unguja au Kilwa. Hapana ubaya, kwani huko ndiko yaliko machimbuko ya lugha tunayoisoma. Hata hivyo, desturi hiyo imezaa dhana kwamba historia inayoweza kusimuliwa kwa Kiswahili ni ile ya pwani tu, na kwamba bara, hasa maeneo ya Ziwa Viktoria, ni uwanja wa lugha nyingine. Mwanafunzi anayetoka Migori au Homa Bay husafiri mamia ya kilomita kwenda kutazama kuta za matumbawe, ilhali hajapata kuziona kuta za mawe zilizoko karibu na kwao.

Thimlich Ohinga iko kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, umbali wa kilomita 46 hivi. Ilitangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 iliwekwa na Mfuko wa Makaburi na Majengo ya Kale Duniani, wenye makao New York, katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Mwaka 2018, katika kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika Manama, Bahrain, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tangu hapo idadi ya watu wanaopaswa kuitaja, kuielezea na kuifundisha imeongezeka: walimu, waongozaji wa wageni, waandishi wa habari, watunzi wa vitabu vya shule. Wote hao wanahitaji maneno. Swali la makala haya ni hili: Kiswahili kinawapa maneno gani, na je, maneno hayo yanasema kweli?

2.0 Ohinga ni nini?

Katika Dholuo, ohinga ni makazi yaliyozungushiwa ukuta wa mawe. Wingi wake ni ohingni. Jina Thimlich nalo linatokana na maneno mawili: thim, yaani pori, na lich, yaani jambo la kutisha. Kwa hiyo Thimlich ni pori linalotia hofu kwa uzito wake. Msomaji wa Kiswahili hatatatizika kulitamka, kwa kuwa sauti ya mwanzo ni ile ya neno thelathini.

Wataalamu wanakadiria kwamba kuta hizi zilijengwa yapata karne ya 16. Si kuta za pekee katika eneo hili. Utafiti wa akiolojia umeorodhesha majengo 521 ya aina hii katika maeneo 138 ya ukanda huu wa ziwa. Thimlich Ohinga ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri kuliko zote. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 21, nalo limezungukwa na ukanda wa ulinzi wa hekta 33.

Ndani ya eneo hilo mna ohinga nne kubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndiyo kuu. Kuta zake zina kimo cha kati ya meta 1.5 na zaidi ya meta 4, na unene wa wastani wa meta moja. Jambo linalomshangaza kila mwashi ni kwamba hakuna udongo, chokaa wala saruji iliyotumika kuunganisha mawe. Wala mawe yenyewe hayakuchongwa, yalichukuliwa yalivyo. Ukuta mmoja ni tabaka tatu: safu ya nje na safu ya ndani zimepangwa kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa yakaumana, na katikati yao mkajazwa mawe madogo. Uzito wa jiwe la juu ndio unaolishika la chini, na umbo la jiwe moja ndilo linalolizuia jirani yake lisiteleze. Palipokuwa na hatari ya kuta ndefu kuyumba, wajenzi waliukunja ukuta ili uende kwa mapindo badala ya kunyooka.

Ndani ya Kochieng zimo alama za nyumba, mazizi ya mifugo, vijia na nyua ndogo. Kando yake pana mabaki ya shughuli za kufua chuma. Vitu hivi vyote vinatuambia kwamba hapa palikuwa na maisha kamili: watu walilala, walipika, walifuga, walifua majembe, walizaa na wakazika.

Tuyatazame sasa majina manne tuliyoyataja, kwa kuwa yana somo la isimu ndani yake. Katika Dholuo, kiambishi ka- kinapowekwa mbele ya jina la mtu hutoa maana ya kwake au kwao. Ka- na Ochieng huungana na kuwa Kochieng. Ka- na Oketch huwa Koketch. Ka- na Oluoch huwa Koluoch. Ka- na Akuku huwa Kakuku. Irabu mbili zinapokutana, ile ya kiambishi humezwa na ile ya jina, jambo ambalo mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili atalitambua mara moja kwa kukumbuka jinsi wa- na ana vinavyozaa wana. Tafsiri sahihi ya majina haya, basi, ni Kwa Ochieng, Kwa Oketch, Kwa Oluoch na Kwa Akuku. Ni muundo uleule wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi. Hakuna Mswahili anayesikia kwa fulani akafikiria kifusi. Hufikiria mtu na mlango wake.

3.0 Maneno tuliyo nayo

Kiswahili si maskini wa maneno ya makazi ya kale. Tatizo ni kwamba tumezoea kutumia mawili matatu tu na kuyasahau mengine. Tuyapime moja baada ya jingine.

3.1 Gofu. Hili ndilo neno linalotumiwa zaidi. Twasema magofu ya Gedi, magofu ya Kilwa. Gofu ni jengo lililobomoka, lililobaki kuta tupu. Neno hilo hutumika pia kwa mtu aliyekonda akabaki mifupa, tukasema fulani amebaki gofu la mtu. Maana yake imebeba kuharibika na kuachwa. Kwa majengo mengine ni sawa. Lakini kuta za Kochieng zimesimama. Kuziita gofu ni kumwita mzee aliye hai marehemu kwa sababu tu ana umri mkubwa.

3.2 Ngome. Vyanzo kadhaa huiita Thimlich Ohinga ngome, na haikosi sababu: kuta ndefu, malango ya chini na mahali pa walinzi karibu na lango vinaonyesha kwamba ulinzi ulikuwa jambo la kufikiriwa. Walakini ngome, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ni Ngome ya Yesu kule Mombasa: jengo la mfalme wa mbali, lenye mizinga na askari. Ohinga haikuwa kambi ya askari. Ukuta ulilinda ng'ombe na watoto dhidi ya wavamizi na wanyama wakali, lakini pia ulionyesha ukoo mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ngome inataja kazi moja ya ukuta na kuziacha nyingine.

3.3 Boma. Neno hili linakaribia zaidi. Boma ni uzio, ni zizi, ni makazi yaliyozungushiwa ua, na kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki ndilo jina la nyumbani. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, wakati wa ukoloni boma liligeuka kuwa ofisi ya mtawala wa wilaya, na kivuli hicho bado kipo katika miji mingi. Pili, boma laweza kuwa la miiba, la fito, la udongo au la mawe. Neno lenyewe halituambii lolote kuhusu ufundi ambao ndio hasa uliolipa eneo hili sifa.

3.4 Hame na ganjo. Haya ni maneno mazuri ambayo kizazi chetu kimeyaacha. Hame ni mahali palipohamwa. Linatokana na kitenzi hama. Ganjo ni mahali palipokuwa mji au kijiji zamani na sasa hapana watu. Dholuo nayo ina neno la maana hiyo: gunda, yaani mahali palipokuwa nyumbani pakahamwa. Ukimwambia mzee wa Kijaluo kwamba pale ni gunda la baba yake, hatafikiria kwamba pametupwa. Ni mahali penye makaburi, penye haki za ukoo, penye kumbukumbu. Hame linahifadhi maana hiyo kuliko gofu, kwa sababu linatukumbusha kwamba walikuwapo watu wakaondoka kwa miguu yao. Gofu linatukumbusha jengo tu. Ukanda huu uliendelea kujenga na kukaa katika makazi ya namna hii mpaka katikati ya karne ya 20.

3.5 Mzimu. Katika Kiswahili cha zamani, mzimu ulikuwa pia mahali: pango, mbuyu au kitu kingine cha kale ambapo watu walipeleka sadaka na kuomba. Je, Thimlich Ohinga ni mzimu kwa maana hiyo? Tuseme wazi kwamba sivyo. Haikujengwa iwe mahali pa ibada, na kuiita hekalu kutakuwa kuipa sifa isiyokuwa yake. Lakini katika mila za Waluo, mpaka kati ya nyumbani na mahali patakatifu si mkali kama tulivyozoeshwa. Mtu anayeanzisha boma jipya hatoki hivi hivi. Huenda na mwanawe wa kwanza aliyebeba shoka, mke wake wa kwanza na moto, na jogoo. Nyumbani huzaliwa kwa taratibu, na wafu huzikwa humo humo. Mahali pa namna hiyo, hata watu wakihama, hapageuki kuwa uwanja mtupu.

4.0 Lango na mwili wa mgeni

Tukiacha maneno kwa muda, hebu tuutazame ujenzi wenyewe, maana nao ni lugha. Lango la ohinga ni fupi na jembamba. Juu yake mawe bapa marefu yamelazwa kama linta ili yaubebe uzito wa ukuta. Mtu mzima hawezi kupita wima, sharti ainame. Wataalamu wanaeleza sababu ya kiusalama: adui anayeingia akiwa ameinama, mmoja mmoja, ni rahisi kumdhibiti. Maelezo hayo yanatosha. Lakini umbo lililotungwa kwa ajili ya adui linamfundisha rafiki pia. Mgeni huingia Kochieng kichwa kikiwa chini, mikono ikishika jiwe, macho yakitazama ardhi ya wenyewe. Kwa desturi za kwetu, hivyo ndivyo mtu anavyoingia kwa mkubwa.

Ulinganisho na sehemu nyingine za dunia unaweza kutusaidia hapa. Nchini Japani, mtu anayezuru hekalu la Shinto hupita chini ya lango la nguzo mbili na mihimili juu, liitwalo torii. Lango hilo halina mlango wala ukuta. Kazi yake ni kumjulisha mgeni kwamba ardhi imebadilika. Wengi huinamisha kichwa kabla ya kupita. Kisha huosha mikono na kusukutua kinywa, ndipo wanapoendelea, mara nyingi katikati ya miti mirefu ambayo ni sehemu ya hekalu lenyewe. Hatuulinganishi ukuta wa Migori na torii kwa dini, kwa kuwa dini ni tofauti kabisa. Tunavilinganisha kwa sarufi ya kuingia: pote pawili, mwili wa mgeni hufanya jambo kabla ya macho yake kuruhusiwa kuona. Tofauti ni kwamba kule mgeni huinama kwa hiari, na hapa jiwe ndilo linalomwinamisha.

Jambo la kujifunza ni kwamba ziara huanza nje ya lango, si ndani. Na neno lenyewe ziara latukumbusha hilo. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya Waislamu wa pwani kuzuru ni kwenda makaburini au kwa mtu mwenye heshima, kwa nia na kwa adabu. Leo twalitumia kwa safari ya waziri au ya watalii. Si vibaya neno kupanuka, ila likipanuka mpaka likapoteza adabu iliyokuwamo, tumelifilisi.

5.0 Ukuta unaotengenezwa

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutumiwa kuonya juu ya uzembe katika mambo yote. Katika Thimlich Ohinga inapata maana yake ya asili. Ukuta usio na kiungo haudumu miaka mia nne kwa sababu tu ulijengwa vizuri. Mizizi huusukuma, ng'ombe huukwaruza, mbuzi huupanda, mvua huiosha ardhi chini yake. Jiwe moja likidondoka, mawili ya jirani yamepoteza egemeo. Kuta hizi zimetufikia kwa sababu waliokuja baadaye waliendelea kuzikalia na kuziziba nyufa zake. Kudumu kwake ni tendo lililorudiwa.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowasumbua wahifadhi: ukuta uliorekebishwa mara nyingi ni ule ule wa kale? Japani inatupa mfano mashuhuri. Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya, kwenye kiwanja cha jirani, kwa ufundi ule ule. Desturi hiyo inahesabiwa kuanza mwaka 690. Ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka 2013, na unaofuata umepangiwa mwaka 2033. Hakuna ubao wa kale katika nyumba hiyo, na bado Wajapani huihesabu kuwa ya kale. Kinachohifadhiwa ni mikono inayojua. Si ajabu kwamba ilikuwa katika mji wa Nara, nchini Japani, mwaka 1994, ambapo wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba uhalisi wa kitu cha kale hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja kwa mataifa yote, bali kila urithi upimwe ndani ya utamaduni uliouzaa.

Kwa kipimo hicho, ohinga iliyozibwa na wakazi wa karne ya 19 haikuharibiwa, iliendelezwa. Lakini kipimo hicho hicho kinatudai. Ikiwa uhalisi umo katika ufundi, basi ufundi ukifa, jiwe peke yake halitoshi. Mwaka huohuo wa 2018 ambapo Thimlich Ohinga iliorodheshwa, UNESCO iliuingiza ufundi wa kujenga kwa mawe bila kiungo katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la nchi nane za Ulaya, zikiwamo Ugiriki, Ufaransa na Uswisi. Mwaka 2024 nchi nyingine tano za Ulaya zikajiunga. Afrika yenye Thimlich Ohinga, na yenye Zimbabwe Kuu ambayo jina lake limekuwa jina la taifa, haimo katika orodha hiyo ya ufundi. Kuta zetu zimeandikwa. Mikono iliyozijenga haijaandikwa.

Mfano wa nyumbani wa kuutazama ni kaya za Wamijikenda. Kaya nazo zilianzishwa kuanzia karne ya 16, zikiwa vijiji vyenye ulinzi ndani ya msitu. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehama. Zikawa mahame, lakini hazikuwa magofu: zilibaki maskani ya wahenga, zikitunzwa na mabaraza ya wazee. Mwaka 2008 ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia kama misitu mitakatifu, na mwaka 2009 mila zinazohusiana nazo zikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tazama kwamba ulinzi ulikwenda kwa pande zote mbili, mahali na mila. Na tazama kwamba neno halikubadilishwa. Hakuna aliyependekeza kaya ziitwe magofu ya msituni.

6.0 Ohinga ni ya nani?

Suala hili ni zito, na mwanafunzi wa lugha hapaswi kulikwepa, kwa kuwa linajificha katika vihusishi. Tunaposema ngome ya Waluo, kihusishi ya kimekwisha kutoa hukumu. Utafiti unaonyesha kwamba makazi haya yalikaliwa kwa zamu na watu wa lugha tofauti katika kipindi kile cha mihamo mikubwa kandokando ya ziwa: wasemaji wa lugha za Kibantu na wasemaji wa lugha za Kinailoti. Jina na kumbukumbu tulizo nazo leo zimetufikia kwa Dholuo, na Waluo ndio walioyaweka majina hayo hai. Wamestahili shukrani. Lakini kuweka hai si sawa na kumiliki peke yao.

Kaunti ya Migori ni makutano. Wamo Waluo, Wakuria, Waluhya, Wagusii, Wasuba, Wasomali na wengineo, na mpaka wa Tanzania uko Isebania. Katika mazingira hayo, kumpa mmoja ukuta ni kumnyima mwingine babu. Kiswahili kina nafasi ya pekee hapa. Hakimwambii yeyote kwamba ukuta ni wake peke yake, na kinaweza kuipokea istilahi ya Dholuo bila kumfanya Mkuria ajione mgeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Na kifungu hichohicho kinaitaka serikali ilinde wingi wa lugha za wananchi. Mambo hayo mawili hayapingani. Kiswahili kinapokopa kutoka lugha jirani kwa heshima, kinayatekeleza yote mawili kwa pamoja.

7.0 Adabu ya mgeni

Katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na Kendu Bay, liko ziwa dogo la chumvi liitwalo Simbi Nyaima. Wanajiolojia husema ni shimo la volkeno. Masimulizi ya wenyeji husema palikuwa kijiji chenye sherehe. Akaja ajuza mchovu, akafukuzwa na walevi. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Ajuza akamwonya mwanamke huyo aondoke na watu wake. Usiku ule mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Sisi tuliosomea fasihi simulizi tumezoea kulifundisha simulizi hili kama visaasili, likieleza chanzo cha ziwa. Ni sahihi, lakini wanaolisimulia wanatoa funzo jingine: mahali hubomoka pale uhusiano kati ya mgeni na mwenyeji unapobomoka.

Katika eneo la urithi, funzo hilo hugeuka upande. Mwenyeji hayupo kujitetea. Mgeni ndiye mwenye nguvu. Mgeni akipanda ukuta apigwe picha, jiwe litatikisika baada ya yeye kwenda. Akichukua kijiwe kimoja kwa ukumbusho, na wenzake arobaini wakafanya vivyo hivyo, ukuta umepoteza ule ujazo wa kati unaouzuia usizame ndani. Akizungumza na mwongozaji kwa dharau, atapewa maneno ya juujuu na kunyimwa masimulizi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji abomokewe.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, neno ohinga lipokelewe katika Kiswahili, likiwa na maana ya makazi ya kale yaliyozungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila kiungo. Kwa ngeli, tunapendekeza I-ZI: ohinga hii imesimama, ohinga hizi zimesimama. Tunajua kwamba nomino nyingi za mkopo huingia pia katika LI-YA, na maohinga yangewezekana. Ila I-ZI inaliweka neno hili sambamba na kaya hii na kaya hizi, na kuliacha umbo lake bila kiambishi cha wingi kinachoweza kusikika kama ukubwa.

Pili, hame na ganjo yarudishwe katika mafunzo na katika vitabu vya historia, na gofu liachiwe majengo yaliyobomoka kwa kweli.

Tatu, vyama vya wanafunzi vifanye kazi ya uwandani ya kukusanya istilahi: majina ya sehemu za ukuta, ya aina za mawe, ya makosa ya ujenzi, ya vitendo vya kupanga na kuziba, katika Dholuo, Kikuria, Kisuba na Kigusii, pamoja na visawe vyake vya Kiswahili. Kazi hiyo ifanywe na wazee pamoja na waashi, kwa idhini yao, na nakala iachwe kwao.

Nne, kila safari ya mafunzo itanguliwe na somo la adabu ya mahali, na simulizi za waongozaji zirekodiwe kwa Kiswahili ili mwanafunzi wa Kuria, wa Musoma na wa Malindi aweze kuzielewa sawasawa.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba suala la istilahi katika Thimlich Ohinga si la kamusi peke yake. Anayeambiwa anakwenda kuona gofu huenda kutazama kilichokufa, na hukanyaga bila kujali. Anayeambiwa anakwenda ngomeni hutafuta vita. Anayeambiwa anakwenda Kwa Ochieng atabisha hodi. Kuta zile zilidumu kwa sababu kila aliyezikuta alijihesabu kuwa na wajibu wa kuziba ufa aliouona. Wajibu wa mwashi ni jiwe. Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili ni neno. Likidondoka moja tusiliokote, mengine ya jirani nayo yatapoteza egemeo.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha maana za gofu, hame, ganjo, boma na ohinga. Ni zipi zinazomtaja mkaaji, na ni zipi zinazotaja jengo tu?
2. Taja mahali pa kale katika eneo unakotoka. Panaitwaje katika lugha ya kwenu, na tafsiri yake ya Kiswahili imepoteza au imeongeza nini?
3. Je, neno la mkopo ohinga liingie katika ngeli ya I-ZI au LI-YA? Toa hoja za kimofolojia na za kimatumizi.
4. "Ukuta uliorekebishwa si wa kale tena." Jadili kauli hii kwa kurejelea Thimlich Ohinga, Ise na kaya za Wamijikenda.